Manahodha ni wengi, lakini nani mlinzi wa watalii ziwani?

KILA likizo ya shule inapowadia, na hasa misimu ya Pasaka na Krismasi, barabara ya kutoka Nairobi kuelekea Naivasha husongamana magari ya familia zinazokwenda kujivinjari. Jambo moja halikosi katika ratiba ya wengi wa wasafiri hao: kukodi mashua na kuzunguka ziwani kwa saa moja au mbili, wakitazama viboko, ndege na kilele cha Mlima Longonot kikichungulia kwa mbali.

Hali ni hiyo hiyo Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, na pia katika ufuo wa Dunga, Kisumu, ambako wageni hupelekwa majini jioni kutazama jua likitua juu ya Ziwa Victoria.

Biashara hii imekua bila makeke. Haijapata sifa zinazomiminiwa mbuga ya Maasai Mara, wala haizungumziwi sana katika mikutano ya wadau wa utalii. Hata hivyo, imekuwa tegemeo la vijana wengi walio kando ya maziwa, na imewafungulia Wakenya wa kipato cha kadri mlango wa kuifurahia nchi yao.

Lakini ukuaji huo umeacha nyuma swali ambalo taifa halijalijibu ipasavyo. Mashua inapoondoka ufuoni ikiwa imebeba watoto, wazazi na wazee, ni nani aliyethibitisha kwamba inafaa kubeba abiria, na nani aliye tayari kuwaokoa iwapo itapinduka?

Ili kuelewa uzito wa swali hili, ni muhimu kutazama biashara yenyewe ilivyofika ilipo.

Usafiri wa majini Naivasha si jambo la jana. Kati ya 1937 na 1950, ziwa hilo lilitumiwa kama kituo cha ndege za abiria zilizotua juu ya maji zikitoka Uingereza. Baada ya uhuru, hoteli zilizojengwa kandokando ya ziwa ziliendelea kuwapeleka wageni wao, wengi wakiwa watalii wa kigeni, kutazama wanyama kwa mashua.

Kilichobadilika ni mwenye mashua na mteja wake. Mnamo 2001, serikali ililazimika kusimamisha uvuvi Naivasha kwa mwaka mmoja baada ya samaki kupungua kupita kiasi. Waliokuwa wakitegemea nyavu pekee walitambua kwamba riziki ya ziwa si ya kuaminiwa. Taratibu, baadhi yao waligundua kuwa mgeni mwenye kamera hulipa vizuri kuliko mnunuzi wa samaki, na kwamba haitaji kutegewa nyavu usiku kucha.

Kisha likaja janga la Covid-19. Safari za ndege za kimataifa zilipositishwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai 2020, sekta nzima ya utalii ilijikuta ikimbembeleza Mkenya ambaye awali ilimpuuza. Mwaka uliofuata, mashindano ya dunia ya Safari Rally yalirejea nchini baada ya miaka mingi na kituo chake kikawa Naivasha. Umati unaomiminika mjini humo kila mwaka kwa ajili ya mbio hizo haukosi kuteremka ziwani.

Kwa hivyo, mteja mkuu katika fuo za umma siku hizi ni mwalimu aliyekuja na wanafunzi wake, kundi la kanisa, chama cha akina mama, au wapenzi waliopanda matatu kutoka mjini asubuhi na wanaotarajiwa kulala kwao usiku huo.

Na kwa hakika wana la kufurahia. Ziwa Baringo pekee limerekodiwa kuwa na zaidi ya aina 400 za ndege. Kivutio kinachopendwa zaidi, Baringo na hata Naivasha, ni furukombe. Kiongozi wa watalii hupiga mbinja, akamrusha samaki aliyetiwa kipande cha mti mwepesi au bua la mafunjo ili asizame, na ndege huyo hushuka kutoka mtini kwa kasi na kumnyakua mbele ya macho ya wageni. Huko Kisumu, wageni hupitishwa kando ya mafunjo ya Dunga, na wengine husafiri hadi Kisiwa cha Ndere, ambacho kilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mnamo 1986.

Hata hivyo, maziwa yenyewe si yale yaliyokuwa yakifahamika miaka 20 iliyopita. Kuanzia takriban 2010, viwango vya maji katika maziwa ya Bonde la Ufa vilianza kupanda, na kufikia 2020 maji yalikuwa yamemeza makazi, shule, vituo vya afya, hoteli na barabara. Ripoti iliyotayarishwa na serikali kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) mnamo 2021 ilikadiria kuwa zaidi ya familia 75,000 ziliathiriwa katika Bonde la Ufa na kandokando ya Ziwa Victoria. Wataalamu walitaja mvua nyingi zinazohusishwa na mabadiliko ya tabianchi, uharibifu wa misitu na ardhi nyanda za juu, pamoja na mienendo ya miamba chini ya ardhi.

Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha ulifurika 2020, na ukafurika tena 2025. Mashua ndizo zilizotumika kuwafikia wakazi na kuokoa mali yao.

Kwa mtalii, athari ya mafuriko hayo haionekani kwa urahisi. Anachokiona ni miti mikavu ya migunga iliyosimama majini, mandhari yanayopendeza sana katika picha. Lakini chini ya uso wa maji kumebakia visiki, nyua za seng'enge, nguzo na kuta za majengo. Nahodha aliyezaliwa hapo anakumbuka palipokuwa na ua na palipokuwa na shamba. Kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita kwa sababu msimu wa likizo umeingia hana kumbukumbu hiyo, na mashua yake ya fibagilasi haiwezi kuhimili kugonga kisiki kwa kasi.

Hatari nyingine ni kiboko. Mnyama huyu, ambaye dume lake linaweza kuwa na uzani wa zaidi ya tani moja na nusu, hushinda majini mchana na kutoka usiku kwenda malishoni. Hukasirika hasa anapohisi kuwa ametengwa na kina cha maji, au jike linapokuwa na ndama. Mashua inayopita kati ya kiboko na kina imemfungia njia yake ya kutorokea. Malisho yake nayo yamepungua, kwani maji yamepanda upande mmoja na upande wa pili kuna mashamba ya maua, hoteli na mitaa.

Mnamo Agosti 2018, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko alipokuwa akipiga picha kando ya Ziwa Naivasha. Habari hizo zilienea ulimwenguni kote. Mvuvi wa eneo hilo pia aliuawa na kiboko wakati huo huo.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, na hadi Sh3 milioni kwa anayepata ulemavu wa kudumu. Lakini fidia ni ya baada ya msiba, na malalamishi kuhusu kucheleweshwa kwake yamekuwa wimbo wa kila mwaka katika kaunti nyingi. Kinachohitajika ni kanuni inayotekelezwa ya umbali ambao mashua inapaswa kudumisha, na mtu wa kumwadhibu nahodha anayewasogelea wanyama ili kumridhisha mteja.

Hatari ya tatu ni hali ya hewa. Asubuhi maziwa haya huwa yametulia kama maji ya mtungini. Kufikia alasiri, upepo huvuma Naivasha na kuinua mawimbi yanayoweza kuishinda mashua ndogo. Ziwa Victoria ni kubwa zaidi na dhoruba zake ni kali zaidi. Makadirio ambayo yamenukuliwa kwa miaka mingi husema kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa katika ziwa hilo kila mwaka, wengi wao wakiwa wavuvi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari kwa wanaotumia ziwa hilo, lakini tahadhari haina maana iwapo hakuna anayeibandika ufuoni wala anayelazimika kuitii.

Majirani wa Kenya wamekwisha kuonja uchungu wa kupuuza mambo haya. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara nchini Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Kilikuwa kimejaza abiria kupita kiasi.

Miezi miwili tu baadaye, Novemba 24, 2018, mashua ya starehe ya MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, katika wilaya ya Mukono. Zaidi ya watu 30 waliangamia. Hao hawakuwa wavuvi wala wasafiri wa kwenda sokoni. Walikuwa wametoka Kampala kwenda kustarehe wikendi, muziki ukichezwa. Mashua hiyo haikuwa na leseni, ilikuwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na wengi wa waliokuwemo hawakuwa wamevaa jaketi za kuokoa maisha. Wavuvi wa hapo ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuwaokoa.

Mazingira yaliyosababisha mkasa wa Mukono si mageni hapa Kenya. Anayetembelea fuo zetu wikendi yenye shughuli nyingi hataona tofauti kubwa.

Haiwezi kusemwa kwamba Kenya haina sheria. Sheria ya Usafiri wa Meli ya 2009 inahusu pia vyombo vya maziwani, na Mamlaka ya Ubaharia Nchini (KMA) imepewa jukumu la kukagua na kusajili vyombo hivyo pamoja na kuhakikisha usalama wake. Tangu 2018, kuna Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ambacho majukumu yake yanafika hadi katika maziwa. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ndilo linalosimamia viboko na mamba. Vyama vya Usimamizi wa Fuo (BMU), vilivyoundwa kwa msingi wa sheria za uvuvi, ndivyo vinavyojua kila mashua na mwenyewe.

Kisha kuna serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti utalii wa mashinani, pamoja na vivuko na bandari, lakini linabakisha usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa mikononi mwa serikali kuu. Mashua inayowazungusha watalii kwa saa moja na kuwarejesha pale pale ilipowachukua imeangukia katikati ya mistari hiyo. Kaunti hutoza ada ufuoni kwa sababu hapo pana utalii, lakini usalama wa chombo ukitajwa, huelekeza kidole Mombasa, yaliko makao makuu ya KMA.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Taasisi tano zina neno la kusema kuhusu mashua moja, na mara nyingi siku ya Jumapili saa nane mchana hakuna hata moja iliyo na afisa ufuoni mwenye uwezo wa kusema: hii haiondoki.

Ndipo kazi hiyo inapoachiwa nahodha, na yeye ndiye ambaye hali ya biashara inamsukuma kufanya kinyume. Mara nyingi mashua si yake. Hulipwa kwa safari, na sehemu ya malipo huchukuliwa na wakala aliyemletea wateja kutoka barabarani. Mashua hukodishwa kwa jumla, na wateja hujadiliana bei kisha hugawana gharama. Kadiri wanavyokuwa wengi ndani ya mashua moja ndivyo kila mmoja anavyolipa kidogo. Nahodha akikataa watu wawili wa ziada, kundi zima huhamia kwa jirani yake. Katika mazingira hayo, mwangalifu ndiye anayelala njaa.

Mteja naye si mshirika asiye na lawama. Wapo wanaokataa kuvaa jaketi kwa sababu zimechakaa au zinaharibu picha. Wapo wanaosimama ghafla upande mmoja kiboko anapochomoza, bila kujua kwamba uzani wa watu wote ukihamia upande mmoja unatosha kupindua chombo kidogo. Wapo pia wanaopanda wakiwa wamelewa, na wengi miongoni mwa Wakenya wanaotoka bara hawajui kuogelea.

Matokeo ni kwamba ziwa moja lina viwango viwili vya usalama. Mtalii aliyeletwa na kampuni kutoka ng'ambo ana bima, na kampuni yake hudai jaketi na mashua iliyokaguliwa. Familia ya Kenya inayoteremka Karagita au Kamere hupata kile kilichopo siku hiyo. Si haki kwamba thamani ya uhai ipimwe kwa lango ambalo mtu alilipitia kufika majini.

Hapa pana suala jingine ambalo wanasiasa hulikwepa: sehemu kubwa ya ardhi inayolizunguka Ziwa Naivasha imo mikononi mwa watu na kampuni za kibinafsi, na njia za umma za kufikia maji ni chache. Kwa hiyo wavuvi, wachota maji, wanyweshaji wa mifugo na watalii hurundikana katika fuo hizo chache. Maji yanapopanda, fuo zenyewe hufunikwa na gati za mbao huhamishwa ovyo. Ni vigumu kutarajia utaratibu mahali ambapo hata pa kusimama hapatoshi.

Wapo wanaohofia kwamba ukali wa sheria utawafukuza wenye mashua wadogo na kuziachia hoteli biashara yote. Hofu hiyo ina msingi. Ada za leseni, gharama ya ukaguzi na bei ya jaketi mpya zikitupwa kwa siku moja juu ya kijana aliyekopa kununua injini, ataondoka sokoni au ataanza kufanya kazi gizani. Waliovifunga vibanda vya wachuuzi mijini kwa jina la utaratibu wanajua kwamba umaskini hautokomezwi kwa kufuli.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili. Ajali moja kama ya MV Templar katika ziwa letu lolote haitachagua hoteli na kijana. Wageni watatoroka wote, amri za kupiga marufuku zitatolewa kwa hasira, na wa kwanza kuzuiwa kuingia majini watakuwa hao hao wadogo wasio na wakili. Usalama ndio mtaji wao mkubwa.

Kenya imewahi kupitia njia hii katika nchi kavu. Februari 2004, kanuni zilizopewa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilianza kutekelezwa. Matatu zililazimika kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na idadi ya abiria wa matatu ndogo ikawa 14, si zaidi. Wenye magari walilalamika na kugoma, lakini walirejea barabarani wakiwa wametii. Abiria mwenyewe alijifunza kuhesabu viti. Kanuni hizo zilipoanza kulegezwa miaka iliyofuata, sababu haikuwa udhaifu wa maandishi yake bali kutoweka kwa waliozisimamia.

Funzo hilo linaweza kuhamishiwa majini bila kusubiri sheria mpya. Kwanza, kila mashua inayobeba watalii iandikwe ubavuni, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, idadi ya abiria inayoruhusiwa. Mteja anayeona nambari hiyo hahitaji afisa kumweleza kwamba amedanganywa.

Pili, wakaguzi wa KMA waende fuoni kabla ya misimu ya likizo badala ya kuwasubiri wenye mashua wafunge safari kwenda ofisini. Ada za kaunti zinazokusanywa ufuoni zitumike kwanza kununua jaketi, zikiwemo za watoto, zihifadhiwe na BMU na kukodishwa kwa wenye mashua kwa bei nafuu.

Tatu, kuwe na mashua moja ya uokoaji yenye mafuta na watu waliofunzwa katika kila ufuo mkubwa. Kwa sasa, anayezama hutegemea huruma ya mvuvi aliye karibu, na huruma hiyo, ingawa imeokoa wengi, haiwezi kuitwa mpango wa serikali.

Nne, na hili ndilo kubwa, magavana wa Nakuru, Baringo na Kisumu wakubaliane na serikali kuu kuhusu afisa mmoja kwa kila ufuo atakayekuwa na mamlaka ya kuzuia mashua, bila kujali anavaa sare ya taasisi gani. Maelewano ya aina hiyo kati ya ngazi mbili za serikali yanaruhusiwa na Katiba, na yamefanyika katika masuala magumu kuliko hili.

Maziwa ya Kenya yatazidi kuwavutia wananchi, na ni jambo la kujivunia kwamba mtoto wa Kariobangi leo anaweza kumwona furukombe akimnyakua samaki badala ya kumsoma vitabuni. Wazazi wake wanapolipia safari hiyo, huamini kwamba kuna mtu wa serikali aliyeikagua mashua kabla yao. Msimu ujao wa likizo utakapofika, viongozi wa kaunti na wa kitaifa watatakiwa kuonyesha mtu huyo ni nani, na anasimama wapi ufuoni.